Dakika Tatu za Pikipiki ya Bluu

Saa moja na nusu asubuhi Kipimo alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya maabara ya wilaya, akipanga vibarafu vinne ndani ya boksi la sampuli: viwili chini, kimoja kila ubavu. Katikati akaweka mirija ishirini ya kuwekea damu, yote imejaa maji ya bomba. Akachomeka waya wa kipimajoto kwenye tundu la kifuniko, akafunga, akasubiri namba itulie. Nyuzi nne.

"Leo unasafirisha maji, kaka?" dada wa maabara akauliza, glavu zikiwa zimemfika nusu ya vidole.

"Maji hayana mgonjwa nyuma yake."

"Makubwa! Na bosi wako anajua?"

"Bosi anataka ninunue pikipiki. Na mimi sinunui mbuzi kwenye gunia."

Jina la Kipimo alipewa na wabebaji wenzake. Walisema mtu huyu hata mkewe alimpima urefu kabla ya kumposa, na kwamba mke mwenyewe huwa hakanushi. Kwa miaka tisa alikuwa amebeba damu na makohozi kutoka zahanati saba za mlimani hadi maabara hii. Njia yake ilimchukua dakika sabini kutoka zahanati ya mwisho, na sheria ya kazi ilikuwa moja tu: boksi lisishuke chini ya nyuzi mbili, lisipande juu ya nyuzi nane. Katika miaka tisa, boksi lake halijawahi kufika saba.

Sasa idara ilikuwa imebandika tangazo. Wabebaji wote watumie pikipiki za mseto, zenye injini ya petroli na mota ya betri, ili kupunguza moshi na matumizi ya mafuta. Kamati ya idara imepitisha aina mbili, nyekundu na ya bluu, na kila mbebaji ana uhuru wa kuchagua anayoitaka. Ailipie mwenyewe kwa kukatwa mshahara miaka mitatu, na pikipiki yake ya zamani aitoe kama malipo ya kwanza. Mwisho wa kuandikisha ni leo, saa kumi jioni. Asiyeandikishwa, njia yake apewe mwingine.

Wenzake wengi walikwishachagua kwa rangi. Shoti, mbebaji wa njia ya bondeni, alichukua nyekundu kwa sababu ndiyo rangi ya timu yake.

Duka la nyekundu lilinuka plastiki mpya. Muuzaji, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, alikuwa tayari amekalia moja kama mtu anayepigwa picha.

"Bosi, hii haina mpinzani. Ukishuka mlima inajichaji yenyewe. Yenyewe! Huchomeki popote."

"Betri inakaa wapi?"

"Hapa chini ya keria. Huioni, haikusumbui."

Kipimo akainama. Betri ilikuwa na ukubwa wa kitabu kinene, na bamba la keria, ambapo boksi la sampuli lingefungwa, lilikuwa limelala moja kwa moja juu ya mfuniko wake. Hata ukucha haukupita katikati.

"Nataka kuijaribu na mzigo. Dakika arobaini, mlimani."

Muuzaji akacheka. "Mzee, watu wanazunguka hapa uani mara mbili, wanatosheka."

"Mimi sifanyi kazi uani."

Ukutani kulitundikwa cheti cha kamati ndani ya fremu ya dhahabu ya bandia. Kipimo alikisoma huku muuzaji akienda kuuliza ruhusa. Kasi: nzuri. Mafuta: nzuri sana. Breki: nzuri. Mzigo uliotumika: boksi tupu. Joto la boksi: halihusiki. Chini yake saini tano, moja ikiwa imezungushwa mkia mrefu kama wa mtu aliyekuwa na furaha.

Alikubaliwa, kwa sharti la kuacha pikipiki yake ya zamani na kadi yake.

Kusema haki, pikipiki ile haikuwa mbaya. Ilipanda mlima bila kukoroma, na gia ziliingia laini. Kwenye mteremko mota ilibadilisha kazi, ikawa inarudisha umeme kwenye betri, na taa ndogo ya kijani ikawaka. Kila dakika kumi Kipimo alisimama pembeni, akatoa daftari. Dakika ya kumi, nyuzi nne na nusu. Dakika ya ishirini, sita. Hapo akaacha kusubiri dakika kumi, akawa anaangalia kipimajoto kila mara. Dakika ya ishirini na sita namba ikapita nane. Dakika ya arobaini ilikuwa kumi na nne.

Alifungua boksi. Vibarafu vya chini vilikuwa vimekuwa mifuko ya maji, vinalegea mkononi kama matumbo. Bamba la keria lilikuwa la moto kiasi kwamba aliondoa kiganja haraka, akakifuta kwenye suruali mara mbili, ingawa hakikuwa na uchafu.

"Umeipenda?" muuzaji alimuuliza aliporudi.

"Betri yako inapika mzigo wangu."

"Inapika vipi tena, bosi? Hii ni pikipiki ya kwendea kazini. Mtu anapanda, anakwenda ofisini, anashuka."

"Sawa. Ni ya kwendea kazini. Mimi natafuta ya kufanyia kazi."

Alichukua vibarafu vipya maabara, akarudisha boksi hadi nyuzi nne, akavuka barabara. Duka la bluu lilitazamana na la nyekundu, mlango kwa mlango. Muuzaji wake alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuhutubia.

"Umetoka kule? Pole sana, baba. Zile ni takataka. Ukae hapa sasa uone chombo."

Kipimo akachuchumaa nyuma ya chombo. Betri ileile. Lebo ileile. Namba ya mwisho ya betri hii ilikuwa moja tu zaidi ya ile ya nyekundu aliyoiandika kwenye daftari saa mbili zilizopita. Injini zilikuwa zimetoka kwenye kalibu moja, bolti zile zile, hata kasoro ndogo ya rangi kwenye shina la stendi ilikuwa pale pale. Zilifanana kama shilingi kwa ya pili. Tofauti ilikuwa tangi, ambalo hapa lilivimba kidogo, na keria, iliyoinuliwa vidole viwili juu ya betri ili ilingane na kiti.

"Mama, hizi mbili zimetengenezwa na mtu mmoja."

"Nani kakwambia? Hata mapacha mmoja huwa na akili."

"Naweza kuinua hii keria zaidi? Fundi aniwekee vyuma, nafasi ya kiganja kizima."

Sauti ya kuhutubia ikashuka. "Usiiguse, baba. Ukitoboa hata tundu moja, kibali cha kamati kinafutwa. Imeandikwa."

Ilikuwa imeandikwa kweli, ukurasa wa pili, herufi ndogo. Akaacha kadi yake, akafunga boksi, akapanda mlima uleule, kwa mwendo uleule, akisimama kwenye mawe yale yale ya pembeni. Jua lilikuwa limepanda, kwa hiyo alisubiri kwanza dakika kumi kivulini ili asiionee pikipiki. Namba ilipita nane kwenye dakika ya ishirini na tisa. Dakika ya arobaini ilikuwa kumi na tatu.

Saa saba alikuwa maabara tena. Dada wa maabara alilisoma daftari akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Nieleze vizuri," Kipimo alisema. "Kumi na tatu, kumi na nne, ni mbaya kiasi gani? Usinifiche."

"Njia yako ni dakika sabini. Hiyo kumi na nne ni ya dakika arobaini. Utafika hapa na damu ya uvuguvugu." Aliweka daftari mezani, akalisogeza mbali kidogo. "Chembe zinaanza kupasuka. Vipimo vingine vinapanda, vingine vinashuka. Na mashine haijui, kaka. Mashine ukiipa uchafu inakupa jibu, limechapwa vizuri, na mstari chini."

"Na daktari?"

"Daktari anasoma jibu."

"Lakini wewe huoni joto hapo mapokezi? Nikifika na kumi na nne unaandika, unazikataa."

Dada wa maabara alifungua droo, akatoa rejesta mpya iliyofika wiki ile, bado imenata gundi kwenye mgongo. Kipimo alipitisha kidole juu ya safu. Tarehe. Zahanati. Idadi. Saa ya kuchukua. Saa ya kufika. Mahali palipokuwa pa joto kwa miaka yote tisa paliandikwa: Mafuta yaliyookolewa.

"Wamelitoa," alisema.

"Niliuliza. Nikaambiwa fomu zilikuwa na mambo mengi mno."

Kipimo aliifunga rejesta, akamrudishia.

"Basi sinunui."

"Usinunue." Dada wa maabara akaanza kuvaa glavu. "Kesho njia yako atapewa mtu. Atachukua ile nyekundu, kwa sababu inang'aa. Hatapima kitu. Na watoto wako watakula nini, vipimajoto?"

"Au ninunue, boksi nilibebe mgongoni."

"Kilo kumi na tisa? Kwenye yale makorongo? Ukianguka nalo, hata hiyo damu ya uvuguvugu hatutaiona."

Saa nane na nusu aliinunua ya bluu. Muuzaji alimpongeza, akampa kofia ya bure yenye jina la duka. Pikipiki yake ya zamani ilisukumwa nyuma ya duka na vijana wawili walioishika kwa masikio ya breki, na hakuisindikiza.

Ofisi ya usafirishaji ilikuwa na foleni hadi kwenye ngazi. Saa tisa na dakika arobaini Kipimo aliingia, akakaa kitini, Shoti akiwa nyuma yake, anapumulia kisogo chake kwa haraka ya kuwahi saa kumi.

Afisa alikuwa anakula. Kipaja cha kuku kilikuwa juu ya faili, na mafuta yalikuwa yameingia kwenye karatasi hadi maandishi ya upande wa pili yakaonekana. Alikwangua nyama kwa meno ya pembeni, akanyonya mfupa hadi ukalia, akauweka kwenye kifuniko cha sanduku la mihuri. Kisha akachana karatasi kutoka kwenye kitabu kikuukuu kilichokuwa kando yake, akafuta vidole, kimoja kimoja, mpaka kwenye kucha. Kitabu kilikuwa rejesta ya zamani. Kipimo aliitambua karatasi kabla haijakunjwa: namba zilikuwa joto la boksi lake. Tano. Tano. Sita. Tano.

Karatasi ikaangukia kwenye kapu, juu ya nyingine.

"Chapa?"

"Ya bluu. Mkuu, kuna jambo nataka kulieleza kuhusu betri."

"Malalamiko ya kiufundi ni kwa muuzaji."

"Muuzaji anasema ni kwa kamati."

"Basi ni kwa kamati."

"Kamati inakaa wapi?"

"Kamati ilishamaliza kazi, ikavunjwa." Afisa alilamba kidole, akageuza fomu, akaacha alama ya mafuta kwenye kona. "Jaza hapa. Sababu ya kuchagua chapa hii. Ni lazima, ripoti inataka kuonyesha watumiaji walichagua wenyewe."

Palikuwa na mistari miwili mitupu. Kipimo alitoa kalamu yake, si ile iliyofungwa kwa uzi mezani, akaandika kwa herufi za kusomeka: Boksi linapita nyuzi nane kwenye dakika ya ishirini na tisa. Kwa nyekundu ni dakika ya ishirini na sita. Njia yangu ni dakika sabini. Zote mbili zinaharibu damu. Hii inachelewa kwa dakika tatu.

Akasaini. Akaigeuza fomu ili imtazame afisa.

"Soma, mkuu."

"Nina watu huko nje mpaka kwenye ngazi."

"Ni mistari miwili."

Nyuma yake Shoti akamgusa mgongoni. "Mwanangu, ya nini haya? Chukua stika yako ya njia twende. Saa kumi hiyo."

Kipimo hakusogea. Afisa alimtazama kwa mara ya kwanza, kisha akasoma, midomo ikifuatisha maneno. Alipofika mwisho alirudi kwenye namba, akazisoma tena. Shoti naye, aliyekuwa ameinama juu ya bega la mwenzake, alisoma yote.

"Wewe ni mtaalamu?" afisa akauliza.

"Mimi ni mbebaji. Nimepima."

"Unajua haya hayaingii kwenye kompyuta? Kompyuta haina mistari." Alivuta kibodi karibu, vitufe vyake vyeusi kwa uchafu wa vidole. "Ina visanduku vitatu. Bei. Mwonekano. Ubora. Wewe umeandika kwamba hii ni afadhali kuliko ile. Sivyo?"

"Nimeandika kwamba zote hazifai."

"Lakini hii afadhali."

"Kwa dakika tatu."

"Haya. Ndiyo hiyo." Akatia alama ya vema kwenye Ubora. Muhuri ukashuka juu ya mistari miwili, wino wa zambarau ukaenea kwenye mafuta, na neno IMEKUBALIWA likafunika ishirini na tisa. Akamsukumia stika. "Njia ya mlimani, kesho saa moja. Anayefuata."

Kipimo aliinuka. Shoti alikaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto, akashika kalamu ya uzi, akaitazama mistari mitupu. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika nane.

"Chapa?"

"Nyekundu."

"Sababu?"

Shoti alikohoa. Alimtazama Kipimo, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Andika hiyohiyo yake," alisema. "Ila yangu ni ishirini na sita."

Afisa akatia vema kwenye Ubora, akanyoosha mkono kuufuata mfupa.