Nani Anautaka Uraia Huu?

Wenye nchi walikuwa wanaikimbia, halafu mume wa fundi cherehani yeye anaomba kuingia. Hilo ndilo lililomnyima usingizi mkewe. Serikali ilikuwa imepinduliwa, ikapinduliwa tena, na picha za marais pale uhamiaji zilibadilishwa haraka kuliko mapazia. Risasi zilisikika mchana kweupe upande wa soko. Na mumewe, fundi friji kutoka nchi jirani yenye amani na umeme usiokatika, amekazana na ombi la uraia wa ndoa utadhani huku wanagawa pepo.

"Ana lake jambo huyo," dada yake mkubwa alimwambia, huku akijipima gauni mbele ya kioo. "Mtu mwenye akili timamu? Ana mke kwao, au kaua mtu. Fungua macho, mdogo wangu."

"Acha umbea, dada."

Lakini maneno yalikuwa yameshaingia. Tangu hapo akaanza kumchunguza mumewe. Bwana wa watu akinunua soksi, mkewe anajiuliza ni za safari gani. Siku moja akipeleka nguo kwa mteja, akamwona anatoka ubalozi wa kwao, mkoba kaukumbatia, jasho linamtoka.

"Mbona umechelewa?" alimuuliza jioni.

"Friji ya bucha, mke wangu. Kompresa imekufa."

Uongo mtupu, tena aliusema huku akimmenyea chungwa.

Kisha redio ikatangaza kwamba ubalozi huo unaandikisha watu wake, mabasi yatawavusha mpaka. Mume akatoka tena, akarudi na kisingizio cha bucha ileile. Basi, mke akaona mambo yote yamejipanga: uraia ni geresha tu asishtuke, siku ya basi mtu huyoo. Iliuma. Alimpenda yule mwanaume, tusidanganyane, na hofu ya kuachwa ikimpata mtu humtoa akili.

Asubuhi ya mabasi, afisa uhamiaji alimwita peke yake. Bila kauli ya mke, ombi haliendi popote.

"Mama, unathibitisha kwamba ndoa hii ni ya kweli?"

"Mimi naona ananitumia," alisema.

"Una hakika? Nikikataa hapa, kibali chake cha kuishi nacho kinakwisha. Tutamfuata nyumbani leo hii, tumpeleke mpakani arudi kwao."

"Si ndiko anakotaka? Kataa."

Afisa akagonga muhuri. Mwanamke akatoka kifua mbele, amewahi kumwacha kabla hajaachwa.

Alasiri mumewe aliingia akipiga mluzi, akaweka pasipoti yake juu ya cherehani. Ilikuwa imekatwa kona, na kila ukurasa umegongwa neno moja: IMEFUTWA.

"Nisamehe, ile bucha nilikudanganya," alisema. "Sheria ya hapa inataka niukane uraia wa kwetu kwanza. Ubalozini walikuwa wananirudisha kila siku, eti subiri, nchi hiyo inaungua, utajuta. Nikajua na wewe ningekwambia ungenizuia. Leo wamekubali."

"Na mabasi?"

"Yameondoka. Nimewapungia mkono." Akacheka. "Kila mtu anasema wageni wataanza kufukuzwa. Sikutaka siku moja nitolewe humu ndani wewe unaangalia. Sasa hata ukinichoka, mke wangu, sina pa kwenda."

Alivua viatu, akakaa kitandani, mtu aliyemaliza kazi yake. Mkewe akaiangalia ile kona iliyokatwa. Mguu wake ulikuwa unakanyaga cherehani, sindano inapanda na kushuka bila kitambaa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Na wewe?" mume akauliza. "Yule afisa alikuuliza nini?"

Nje, gari lilipunguza mwendo, likasimama.

"Mume wangu," alisema, "vaa viatu."