Waliomgawana Thelma

Watu wa hapa bondeni Hawksden wananiambia, Desmond, sasa imetosha, mkeo yuko hai, mshukuru Mungu. Namshukuru. Na Mungu sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na hawa wanaojiita mtandao, na sitanyamaza mpaka nimalize.

Zamani tulikuwa na kliniki yetu ya Mill Lane, na ndani yake tulikuwa na Daktari Sugden. Alikuwa mchelewaji, chumba chake kilinuka koti bichi, lakini alimjua Thelma. Ukiingia anakutazama kwanza, kisha ndiyo anakuuliza. Halafu kliniki tano za bonde zikaungana, zikajiita mtandao. Nisiwasingizie, wazo lenyewe si baya. Kliniki moja haiwezi kumwajiri mtaalamu wa viungo, tano zinaweza. Moja haina watu wa kufungua Jumamosi, tano zinapokezana. Kila kliniki ikabaki na jina lake na mlango wake, ila wagonjwa wakawa wa kuzungushwa. Na pale mapokezi kwetu wakabandika tangazo: Miadi Moja, Tatizo Moja.

Sasa mjue mke wangu alivyo. Thelma ni mtu wa kutii matangazo. Ukiandika usikanyage majani, atazunguka bustani nzima na mvua inamnyeshea. Akikanyagwa mguu dukani, yeye ndiye anayeomba radhi. Miaka yote ya ndoa yetu nimekuwa nikimwambia, mama, dunia hii si ya kuombwa samahani kila saa, na yeye hunijibu kwamba mmoja wetu lazima awe na adabu.

Ilianza na kichwa. Panja la kushoto lilimuuma, na akichana nywele alikunja uso kama mtu aliyeguswa na chuma cha moto. Baada ya hapo likaja taya. Jumapili moja nilikaanga nyama ya nguruwe vizuri kabisa, na ngozi yake ikikatika kwa sauti, Thelma akatafuna mara chache akaweka uma chini. Akapumzika. Akatafuna tena, akaweka uma chini tena.

"Meno?" nikamuuliza.

"Meno ni mazima. Taya linachoka tu. Linauma nikitafuna, nikiacha linatulia."

"Umpigie daktari kesho."

"Kwa ajili ya kuchoka taya? Watanicheka, Des."

Nilimbana mpaka akakubali. Kwetu ukitaka daktari unapiga simu saa mbili kamili asubuhi, wewe na bonde zima, halafu unasikiliza muziki wa kinanda mpaka chai inapoa. Aliyepokea alikuwa Gaynor wa mapokezi, binti wa jirani yetu wa zamani. Thelma akamweleza habari ya kichwa. Gaynor akasema Mill Lane hakuna nafasi, ila Jumamosi kuna daktari wa mtandao kule Beck Road, mwisho mwingine wa bonde.

"Mwambie na taya," nikamnong'oneza.

Akaziba simu kwa kiganja. "Taya ni siku nyingine. Nimeombea nafasi kichwa."

"Thelma!"

"Wameandika, Des. Tatizo moja. Kuna watu wengine wanasubiri."

Jumamosi tukaenda Beck Road. Alinikataza kuingia naye. "Utamgombeza daktari wa watu," akasema, nami nikabaki kwenye benchi. Daktari aliitwa Iqbal, kijana mpole, na Thelma alitoka akimsifu. Amempima presha, amemgusa shingo, amesema huenda ni misuli imekaza, atumie dawa za maumivu, na asipopata nafuu amwone daktari wake. Daktari wake! Yule ambaye tulipelekwa kule kwa sababu hapatikani.

Taya lilipozidi, Thelma akapiga simu tena, akawaombea taya. Gaynor akafurahi kwelikweli. "Taya? Hilo wala huhitaji daktari, mama. Tuna mtaalamu wa viungo wa mtandao, yuko kliniki ya St Chad's, na nafasi anazo." Huyo anaitwa Callum, mikono yake laini, moyo wake mzuri. Akamfundisha mazoezi ya kufungua na kufunga kinywa mbele ya kioo. Basi kila asubuhi mke wangu akawa anasimama bafuni anafungua kinywa kama samaki aliyetupwa nchi kavu, machozi yanamtoka, na mimi mlangoni naambiwa nisimvurugie hesabu.

Akaanza kukonda. Akawa anaamka kachoka. Hilo nalo likatafutiwa mtu wake: Philippa, mshauri wa jamii wa mtandao, ambaye kazi yake ni kuwaandikia watu shughuli badala ya dawa. Alipiga simu, akaongea na Thelma kwa upole, akamuuliza kama ana upweke.

"Ana upweke gani?" nilipaza sauti kutoka jikoni. "Mimi nipo hapa!"

"Huyo ndiye mume wangu," Thelma akamwambia, na nikasikia wanacheka.

Akamwandikisha kikundi cha kulima mboga. Mke wangu anashindwa kuinua birika, wanamwandikia jembe. Na alikwenda! Alikwenda akakaa kwenye kiti cha turubai akiangalia wenzake wanapanda vitunguu, kwa sababu alikuwa ameshaahidi na hakutaka Philippa aone vibaya.

Mnaona walivyofanya? Kichwa Beck Road, taya St Chad's, uchovu kwenye vitunguu. Walimgawana mke wangu vipande vipande kama kuku wa sikukuu, kila mmoja akaondoka na chake akiwa ameridhika. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga au mvivu. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Mtu mbaya unamjua, unamkunjia ngumi. Hawa wote walikuwa watu wema, na ngumi yangu sikujua niipeleke wapi.

Siku yenyewe tulikuwa jikoni, tunapata kifungua kinywa. Thelma akainua birika kwa mikono miwili, akamimina chai mezani, pembeni kabisa ya kikombe. Ikatiririka mpaka kwenye suruali yangu. Nikaruka.

"Kikombe kiko hapa, bibi wee!"

Aliweka birika chini polepole, akafunika jicho la kulia kwa kiganja. Kisha akalifunua.

"Des," akasema, "upande wa kushoto kumekuwa giza. Sioni kitu."

"Tangu lini?"

"Jana lilikuja likaondoka. Nilidhani ni uchovu. Nilikuwa nipige simu leo, niwaombee jicho."

Niliposikia hilo neno, niwaombee jicho, kichwa kilinipasuka. Sikugusa simu. Nilimvika koti juu ya gauni la kulalia, nikamtia kwenye gari, nikaendesha mpaka Mill Lane na nadhani nilipita taa nyekundu. Njia nzima alikuwa anasema hajachana nywele.

Mapokezi palikuwa pamejaa. Gaynor akaniangalia, akamwangalia Thelma na ndara zake.

"Mzee Des, kuna nini?"

"Jicho lake halioni. Namtaka Sugden."

"Pole sana, mama. Ila macho tunapeleka duka la miwani pale sokoni, mtandao umekubaliana nao, wanapima vizuri kuliko sisi. Ngoja niwapigie nione kama leo..."

"Gaynor."

"Sijakataa, mzee wangu, nakusaidia. Utaratibu ndio..."

Hapo nikapandwa na mori. Nilipiga meza ya mapokezi kwa viganja vyote viwili na nikapaza sauti ambayo sijaitumia tangu nilipokuwa fundi wa mitambo kiwandani, ambako ukitaka kusikika ilibidi uishinde mitambo.

"Sikuleta jicho! Nimeleta mtu! Huyu hapa, mzima, na ndara zake! Kichwa kinamuuma, akipitisha kitana ni moto! Taya linamshinda kula! Amekonda, nguo zinampwaya! Na sasa jicho limezimika! Mmempeleka kila mahali hapa bondeni isipokuwa kwenye mlango ule pale! Leo sitoki! Iteni polisi, iteni mtandao, mwiteni mnayemtaka!"

Watu wakainamisha vichwa kwenye simu zao kama ilivyo desturi yetu mtu akipiga kelele. Thelma akanivuta mkono. "Des, jamani, watu wanatazama." Hakuna aliyekuwa anatazama.

Mlango wa Daktari Sugden ukafunguliwa. Alikuwa na mgonjwa ndani, nilimwona kavuliwa shati nusu. Sugden alisimama pale na uso wake ukabadilika, si kwa ajili ya kelele zangu, bali kwa maneno yaliyokuwa ndani ya kelele.

"Taya," akasema. "Thelma, linauma wakati wote, au ukitafuna?"

"Nikitafuna tu, daktari."

Akamsogelea, akaweka vidole kwenye panja lake, pale pale watu wakiwa wamekaa. Thelma akaruka kwa maumivu.

"Gaynor, fungua kabati la dawa za dharura. Sasa hivi." Akamgeukia tena Thelma. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia lini?" Thelma akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kweli kujua.

Sugden alimhesabia vidonge kiganjani, akampa maji kwenye kikombe cha Gaynor, akasimama hapo mpaka amevimeza vyote, kisha akapiga simu hospitali yeye mwenyewe, akiwa amegeukia ukuta.

Hospitalini mama mmoja, daktari wa macho, alitueleza taratibu. Mishipa ya damu ya kichwani ilikuwa imevimba, ndani kukawa kwembamba, damu haipiti. Ndiyo maana panja liliuma, ndiyo maana taya lilichoka, ndiyo maana alikonda. Ugonjwa mmoja, mama, mmoja tu, na vidonge vyake ni vya bei ya soda. Jicho la kulia tumeliwahi. La kushoto haliwezi kurudi. Angeanza vidonge mapema... akasema, kisha akaanza kukunja kamba ya kipimo chake.

Nilitoka nje nikalia kwenye maegesho ya magari. Nasema bila aibu. Nililia kwa hasira, nikapiga teke gurudumu la gari langu mwenyewe.

Miezi miwili baadaye mtandao ukatuita kwenye kikao. Wanaita kikao cha kujifunza. Kilifanyika ukumbi wa juu wa maktaba, chai na biskuti mezani, na mkuu wa mtandao, Daktari Lockwood, akatukaribisha kwa sauti ya msibani. Ni mwanamume mrefu, tai yake imenyooka, daktari wa kliniki kubwa kuliko zote. Akasema wamelipitia suala letu kwa kina, na wameona kwamba kila huduma ilitenda vizuri ndani ya mipaka ya kazi yake.

"Ndani ya mipaka," nikarudia.

"Des," Thelma akaninong'oneza.

"Kabla hatujaendelea," Lockwood akasema, "tujitambulishe."

Wakaanza. Na hapo ndipo niliposhuhudia kitu ambacho nitakufa nacho. Daktari Iqbal alitaja jina lake, na yule Callum akainua uso, akatabasamu.

"Kumbe ndiye wewe! Jina lako naonaga kwenye kompyuta tu."

"Callum? Wa viungo? Nilidhani ni mzee!"

Wakashikana mikono juu ya biskuti. Philippa naye akasogea, akawaambia jamani hatimaye, nami sura zenu sizijui. Watu watatu waliomshika mke wangu kila mmoja upande wake, na siku hiyo ndiyo walikuwa wanaonana kwa mara ya kwanza maishani. Ilibidi jicho lizimike ndipo wafahamiane.

Iqbal ndiye aliyeacha kutabasamu kwanza. Alimgeukia Thelma. "Mama, ningejua habari ya taya, ningekupa vidonge siku ileile. Naapa."

"Na mimi habari ya kichwa," Callum akasema, sauti imemkauka. "Ilikuwa imeandikwa. Sikufungua ukurasa. Nilikuwa na dakika kumi na wewe, nikazitumia kwenye taya."

Nilisimama. "Nina swali moja. Mke wangu alikuwa mgonjwa wa nani kati yenu?"

Sugden alikuwa kakaa mwisho wa meza, macho chini. Alifungua kinywa, lakini Lockwood akamwahi.

"Alikuwa mgonjwa wetu sote, Bwana Braithwaite. Hiyo ndiyo nguvu ya mtandao."

Sikutukana. Thelma alikuwa amenikamata mkono kwa kucha zake zote. Nilimvalisha skafu, nikamwambia twende nyumbani, mama.

Lockwood akazunguka meza ili atuage kistaarabu. Akaja upande wa kushoto wa Thelma, akainama kidogo, akanyoosha mkono. Thelma alikuwa anatazama mbele, anafunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, kwa kupapasa. Mkono wa mkuu wa mtandao ukabaki hewani. Akaunyoosha zaidi. Watu wote mezani walikuwa wameuona, na Iqbal akaziba uso. Lockwood akaniangalia mimi, akisubiri nimwambie mke wangu kwamba kuna mtu pale.

Sikumwambia. Nilisimama nikamwangalia na mkono wake, muda wote aliochukua Thelma kufunga koti mpaka juu.