Mafuta ya Alhamisi

"Bi Kidawa, hivi bastola husafishwa mara ngapi?"

Jirani yangu Bi Salhiya aliniuliza hivyo asubuhi moja, amesimama mlangoni kwangu Mpendae na ungo wa mchele mkononi, kwa sauti ile ile anayoniulizia kama maji yametoka. Mwanawe Himid alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwa Bwana Abizer, sonara wa Mji Mkongwe. Kesi ya kifo cha mlinzi aliyemtangulia ilikuwa imekwisha, polisi wamerudisha vitu, na bastola aliyokabidhiwa Himid ilikuwa ile ile aliyoibeba marehemu mume wangu, Mmanga.

"Wewe umekaa na mwenye kazi miaka kumi na tisa," alisema. "Nikamuulize nani mwengine?"

"Kila Alhamisi, baada ya alasiri," nikamjibu. "Na ikipigwa, siku hiyo hiyo."

Akashukuru, akenda zake. Mimi nikabaki nimeshika mwimo wa mlango. Nilichomwambia kilikuwa kweli, lakini kweli ile ilikuwa nusu, na nusu ya pili ilikuwa imenikaa kifuani tangu mwaka uliopita.

Mmanga alikuwa akisema kwamba hewa yetu ni chumvi, na chuma kinachoshinda kiunoni hunywa jasho la mwenyewe. "Wako watakaokwambia mara moja kwa mwezi inatosha kama hujaipiga," alisema. "Hao hawaishi kisiwani." Basi kila Alhamisi alitandika kanga kuukuu ukumbini, akaitoa bastola vipande vipande, akafuta, akatia mafuta tone moja moja. Akimaliza hunawa mikono mpaka kwenye viwiko, tukakaa kusoma Yasini. Nami nilikaa upande wa pili wa kanga nikitazama, mpaka mikono yangu ikajua bila ya kufundishwa.

Kisha macho yake yakaingia ukungu. Hakutaka Bwana Abizer ajue, maana mlinzi asiyeona hana kazi. Ikawa siri ya ndani. Yeye alikaa, mimi nikasafisha, na hakuna Alhamisi niliyoiacha. Kichupa cha mafuta ya silaha kilipokwisha, askari aliyekuwa akimpatia alikuwa ameshahamishwa, na kwenda kuomba kwa tajiri kungezusha maswali. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu. Kwangu mafuta ni mafuta. Nilikuwa na ya nazi, niliyoyapika kwa mkono wangu, niliyotia kwenye bawaba za milango, kwenye cherehani na kwenye magoti ya Mmanga mwenyewe. Nikaitia na bastola.

Aliinusa, akacheka. "Leo imekuwa bibi harusi hii."

"Basi ioe," nikamwambia.

Akaifutika kiunoni. Tuliendelea hivyo wiki kumi na moja, tone juu ya tone.

Wezi wawili walimkuta alfajiri moja ya kipupwe, kwenye uchochoro wa nyuma ya duka. Bastola ilikuwa imelala sandukuni usiku kucha, ndiyo kwanza imetoka, haijapata joto la kiuno. Waliokuwa wakitoka msikitini walimuona ameinyoosha mbele, amesimama vile vile, hakuna mlio uliotoka. Wakampiga nondo ya kichwa, akafa. Walikamatwa siku ya pili, wakakiri kila kitu, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuichungulia silaha ambayo haikupiga.

Watu wakapata la kusema. Aliganda. Nilikuwa ndani ya eda, dirisha langu linatazama barza ya vijana, na nilisikia kwa masikio yangu kijana mmoja akiwachekesha wenziwe: "Mzee kafutika moto kiunoni miaka yote, siku ya kuuwasha kaogopa kuungua!" Kijana huyo alikuwa Himid.

Siku ya nane ya eda nilichukua chupa ya mafuta ya nazi nijipake visigino vilivyokauka. Nikaiinamisha, hayakutoka. Yalikuwa yameganda meupe, kama mshumaa. Kila kipupwe tangu utoto wangu nimeyaona hivyo, nikayaweka juani yayeyuke, wala sikupata hata siku moja kuyawazia ndani ya bastola. Asubuhi ile nilikaa chini na chupa mapajani mpaka adhana ya adhuhuri.

Tangu hapo sikukuna nazi tena. Mchuzi wangu ni wa chukuchuku, na majirani wanadhani ni huzuni. Alhamisi, baada ya alasiri, nikiinama kurukuu huisikia kanga ikitandikwa ukumbini na chuma kikiwekwa juu yake, kipande baada ya kipande. Sigeuki. Namaliza sala yangu, natoa salamu kulia na kushoto, na ukumbini hamna kitu.

Nilijiambia kwamba sina hakika. Labda kweli aliogopa, binadamu huogopa. Nikaliacha jina lake likae barzani, mradi langu libaki ndani.

Alhamisi ya pili baada ya Bi Salhiya kuniuliza, walikuja wote wawili, mama na mwana.

"Hodi, shoga! Nimekuletea mwanafunzi. Mkubwa, lakini kichwa kigumu."

"Shikamoo, Bi Kidawa," alisema Himid. "Nnaogopa kuifungua peke yangu. Nikipoteza hata kipande kimoja, Bwana Abizer atanifunga mimi kiunoni badala yake."

"Marahaba, mwanangu. Ushatoa magazini?"

"Nshatoa."

"Vuta nyuma uchungulie. Sasa tia na kidole. Jicho hudanganya."

"Mama, huyu si jirani, huyu sajini!"

Bi Salhiya alicheka, akaendelea kuchambua mchele wake. Himid aliitenganisha bastola kama nilivyomwelekeza, na kabla hajaweka kipande cha juu kwenye kanga, harufu ilikwishanifikia, harufu ya nazi iliyochacha. Ndani, pale kinapopita kijisindano kinachopiga kitako cha risasi, mlikuwa na utando wa manjano uliokamata vumbi na nyuzi za nguo.

"Mafuta gani haya?" aliuliza Himid. "Yamekuwa gundi."

Alifuta kidole, akatoa mfukoni kifuko cha nailoni. "Na hizi ndizo risasi zilizokuwemo siku ile. Nimepewa mpya, hizi nizirudishe polisi. Lakini hii moja, Bi Kidawa, mbona ina kidoa kitakoni?"

Nikaichukua nikaenda nayo penye mwanga. Palikuwa na kibonyeo kidogo katikati, hafifu, kama alama ya ukucha kwenye sabuni.

Kijisindano kilifika. Kilifika kimechoka, lakini kilifika.

Ningeweza kusema ndivyo zilivyo. Ulimi ulikuwa tayari. Nilimuona Mmanga na macho yake ya ukungu, amenyoosha mkono kwenye uchochoro ule, anavuta, anangoja.

"Hakuganda," nikasema. "Alivuta. Risasi hii ndiyo shahidi wake."

Nikawaeleza yote: macho, kichupa kilichokwisha, mafuta ya nazi, chupa iliyoganda. Nilieleza kwa utaratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwengine. Himid aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Bi Kidawa, mimi barzani niliwahi kusema..."

"Nilikusikia. Nilikuwa dirishani. Jioni hii nenda kawaambie ulichokiona, na jina langu ulitaje."

"Nitawaambia," alisema.

Bi Salhiya alikuwa ameuweka ungo chini. Mwanamke huyu ndiye aliyenipikia miezi minne na siku kumi za eda yangu, ndiye aliyenishika nilipotaka kulifuata jeneza. Aliutazama utando wa manjano, akamtazama mwanawe, kiuno chake, mkanda wake.

"Siku tisa anaibeba, nawe unajua," alisema. "Siku tisa, Kidawa."

Alijitanda mtandio wake vizuri, akavaa viatu, akatoka.