Pumzi za Dada

Dobi wa hoteli alifika kwenye ukumbi wa ngumi akiwa na bendeji za mikono alizozitia wanga na kuzipiga pasi pande zote mbili. Aliambiwa aje na bendeji safi, na kwake yeye kitambaa hakijawa safi mpaka kiweze kusimama chenyewe. Alipozizungusha mikononi, vidole vilikataa kukunjika. Kocha aliitwa Mfuniko, kwa sababu ukumbi haukuwa na kengele na yeye alitangaza raundi kwa kugonga mfuniko wa sufuria. Alimuuliza kama anakwenda kupigana au kuolewa, kisha akazitumbukiza bendeji kwenye ndoo ya maji.

Dobi hakuwa na ugomvi na mtu. Daktari alimwambia kifua chake kimechoka, na asipofanya mazoezi kitamwondoa kama kilivyomwondoa dada yake. Aliulizia kwanza darasa la kucheza muziki, lakini lilikuwa ghorofani, na mtu akishamaliza ngazi zile atacheza na nini? Ngumi zilikuwa chini, kando ya fundi viatu. Basi akaanza ngumi.

Mfuniko alimfundisha kusimama: mguu wa kushoto mbele, kidevu chini, mikono ilinde mashavu, na kila ngumi itoke na pumzi. Alipomwelekeza kwenye gunia la kupigia, marehemu dada yake alikuwa ameshalishika kwa nyuma ili lisiyumbe. Mfuniko alimwomba marehemu avue kandambili asichafue mkeka, naye akavua, akaomba radhi.

Dada alieleza kwamba gunia lile lilijazwa sare kuukuu za hoteli, na gauni lake la kazi limo, karibu na chini.

"Usipige huko," alimwambia mdogo wake. "Panauma."

Dobi akapiga juu. Hakufika mbali, akashika magoti, kifua kikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Dada akazunguka gunia, akainama, akampulizia usoni taratibu, vile mtu anavyompulizia mtoto aliyeingiwa na vumbi jichoni. Kifua kikafunguka. Raundi ikaendelea.

Ikawa hivyo kila jioni. Wanafunzi wengine walizoea, na aliyeishiwa nguvu kwenye kuruka kamba naye alipuliziwa kidogo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Mfuniko, akamtafutia dada ndoo ya kukalia. Nyumbani, dobi alianza kupanda ngazi na kapu la sokoni mkononi, na bado akabakiwa na pumzi ya kumjibu jirani maneno yote aliyostahili. Usiku alilala fofofo. Alishukuru, na alisema hivyo kwa sauti, akila, akipiga pasi, hata katikati ya ngumi, mpaka Mfuniko akamwonya kwamba mtu akishukuru sana huangusha mikono.

Tatizo lilikuwa moja. Pumzi ya jioni iliisha kesho yake kabla ya adhuhuri. Kwenye chumba cha kufulia, mvuke wa dawa ya madoa ulijaa tangu asubuhi, na madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari tangu enzi za dada. Wakaenda wote wawili kwa meneja. Meneja aliwapa viti. Alimpa marehemu pole kwa msiba wake mwenyewe, akasema hoteli bado inamkumbuka kwa jinsi alivyokuwa akikunja mashuka. Lakini madirisha yale, alisema, yanatazama bwawa la kuogelea, na wageni hawakulipa ili wanuse dawa. Akawasindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote. Misumari ilibaki pale pale.

Jioni ile dobi alichoka upesi kuliko kawaida. Dada alipoinama kumpulizia, dobi akamzuia kwa mkono.

"Dada, hizi pumzi unazitoa wapi?"

"Ni zangu mwenyewe. Zile ambazo sikuwahi kuzitumia."

"Na zikiisha?"

Dada alimfuta jasho kwa ncha ya khanga, akafikiri kidogo, kama mtu anayekumbuka kilichomo kabatini.

"Hilo lisikutie wasiwasi, mdogo wangu," alisema. "Mimi nilikufa kijana. Zimebaki nyingi."

Dobi akasema asante, akavuta pumzi aliyopewa, akainua mikono yake hadi kwenye mashavu.