Mpaka Kombora Lifike

Koplo Anifa alirudi likizo kwa shangazi yake Sitara, mtaa wa Gerezani, akiwa na aibu ambayo siku ya kwanza hakumwambia mtu. Siku ya pili ikamshinda kuimeza.

"Nimefeli, shangazi. Kombora limeenda kuchimba shimo."

Akamweleza. Kombora lile hubebwa na askari wa miguu, na likiruka huacha nyuma yake waya mwembamba kama uzi wa kushonea. Amri zote za kuliongoza hupita humo. Mfyatuaji lazima akikazie macho kifaru cha adui kwenye darubini mpaka kombora lifike, hata kama anapigwa risasi. Siku ya mtihani wakufunzi walilipua baruti karibu naye. Akafumba macho, akainama; kombora nalo likainama.

"Wamenipa nafasi moja tu nikirudi."

Sitara, muuza masufuria Kariakoo, akauliza, "Kwa hiyo shida ni kelele?"

Kesho yake wakapanda juu ya paa la ghorofa alimopanga shangazi. Anifa akaweka begani bomba la plastiki lililojaa mchanga, akachagua mkokoteni uliokuwa ukipita chini mtaani, akaufuata. Sitara akagonganisha mifuniko miwili nyuma ya kisogo chake. Anifa akaruka kwa mshtuko.

"Tena," akasema mwenyewe.

Walikuwa bado wanaendelea mwenye nyumba, mzee Leodegar, alipofika juu akihema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huko chini wanasema juu ya nyumba yangu kuna mtu analenga bunduki."

Anifa akalishusha bomba, akaomba radhi, akaeleza. Mzee akalinyooshea kidole. "Hilo bomba liache. Tumia macho tu. Na wewe Sitara, usigonge wakati wa adhana."

Likizo nzima Anifa akakaa pale juu mikono mitupu, akifuata mikokoteni kwa macho. Shangazi akagonga, akammwagia maji shingoni, akaangusha hata karai. Taratibu kope zikaacha kucheza.

Siku ya marudio, baruti ililipuka karibu zaidi ya mara ya kwanza. Mchanga ukampiga shavuni, machozi yakamtoka. Alama ya msalaba ndani ya darubini ikayumba. Akairudisha juu ya kifaru kibovu kilichowekwa kuwa shabaha, akaishikilia hapo hapo. Kombora likakipiga kwenye mnyororo wa magurudumu.

"Umefaulu," mkufunzi akasema. "Ila limeenda chini."

"Nimeona, afande. Nilichelewa kuirudisha alama."

Akabaki amepiga magoti, jicho kwenye darubini, akitafuta mahali hasa lilipoingia.