Nyayo za Kushoto

"Kulia!"

"Kushoto, we mwehu, anakuja kushoto—"

"Nakwambia kulia, Dada, nimesikia mpaka kiatu chake—"

"Kiatu gani? Ninamwona hapa kwenye kioo! Haya, umeshakufa. Vua taulo."

Nikavua taulo machoni. Kweli nilikuwa nimekufa. Kwenye kioo cha gemu ya mkononi mtu wangu amelala chali, adui anampekua mifuko bila hata pole.

Ndivyo tunavyopima hedfoni dukani kwa Dada. Hauzi hizi za kuchomeka masikioni mpaka mimi nifungwe macho, gemu mkononi mwangu, nisikilize nyayo za adui, ninyooshe kidole zinakotoka, naye aangalie kioo kama nimepatia. Leo mchana mwenye mzigo anakuja kuambiwa tunachukua aina ipi. Tangu asubuhi tuko chumba cha nyuma, feni inazungusha joto lilelile, na vile vipira vya hedfoni vimenisugua mpaka masikio yanawaka kama yamevutwa na mwalimu.

"Ya kijivu umeikataa, eti kushoto hakusikiki," Dada akasema. "Nyekundu, kushoto hakusikiki. Na hii nyeusi?"

"Kushoto hakusikiki."

"Kwa hiyo viwanda vyote vimekaa kikao vikakubaliana?"

"Dunia siku hizi kijiji, Dada."

Hakucheka. "Injinia Nusu," akasema. Jina hilo alinibandika siku niliyoacha chuo. "Utani wako leo sina pa kuuweka."

Simlaumu. Ni mimi niliyetia sauti ya mbwa anayebweka kwenye hedfoni ya maonyesho, mteja mzima na suti yake akapanda juu ya kaunta. Basi nikikosea, Dada anajua namchezea, nami namwacha ajue hivyo. Kuitwa mpuuzi nimezoea. Kuitwa kiziwi sijajaribu.

Maana kuna kitu. Ukiniita upande wa kushoto nazungusha kichwa kama kuku aliyesikia mtama asiuone. Chuo nimeacha, kazi mbili nimeachishwa, na kiti hiki chenye mguu mbovu ndicho pekee kilichonivumilia. Nakikalia kwa masikio. Yakienda, na mimi naenda.

"Tubadilishe," Dada akasema. "Kipande cha kushoto weka sikio la kulia, cha kulia weka la kushoto. Kama ubovu ni wa hedfoni, utahama nayo."

Hilo ndilo nililokuwa nalikwepa tangu tulipofungua mlango. Ningeweza kudanganya bado. Lakini uongo nao unataka mtu aliyelala vizuri, na mimi nilikuwa nimechoka mpaka kope.

Nikachomeka kinyume. Akanifunga taulo mwenyewe, akaanzisha gemu.

Nyayo zikaja. Kubwa, safi, soli inasaga kokoto.

"Unasikia?" akapaza sauti.

"Nasikia. Sikio la kulia."

"Hicho ni kipande cha kushoto. Kile ulichosema kimekufa."

"Najua."

"Na sasa? Anakuja upande wa pili. Hiki kipande kizima, kiko sikio lako la kushoto."

Nikasubiri. Nikasikia feni. Nikasikia mate yangu yakishuka.

"Sasa je?"

"Hakuna kitu, Dada."

"Acha mchezo."

"Hakuna kitu."

Taulo halikuvuliwa upesi. Lilipotoka, Dada hakuniangalia. Alichukua zile hedfoni, akazifuta na upindo wa gauni lake, moja, nyingine, akaifuta tena ile ya kwanza. Matusi ningeyapokea, hata kufukuzwa.

Midomo yake ikacheza, kushoto kwangu.

"Eh?" nikasema.

Akazunguka nyuma ya kiti, akaja upande wa kulia, akavuta kreti akakaa goti kwa goti na mimi. Dada huuza gemu kama mfamasia anavyouza dawa ya minyoo, yeye mwenyewe hajawahi kuonja. Akachomeka hedfoni masikioni mwake, akanipokonya kile kidude cha gemu, akakishika juu chini.

"Huyu mtu wako," akasema, "anatembeaje? Nifundishe."