Mbao Nyeusi za Baba Myusena

Mume wangu alikuwa anaogopa miti. Mtu mzima, aliyewahi kumfukuza mbwa mwitu kwa fimbo ya kuswagia kulungu wetu wa kufuga, lakini kila majira ya baridi tulipofika kusini, msitu unapoanzia, alipiga hema nje kabisa, kwenye upepo, na kuni tukazifuata mbali. "Msituni humwoni anayekuja," alikuwa akisema. Mimi nilizaliwa humo humo kwenye misonobari, kwa hiyo nilimcheka miaka thelathini na minane, naye akaniita Binti Msitu mpaka siku aliyokufa.

Alikufa kiangazi, kaskazini kabisa, ambako mti mrefu kuliko yote haukufiki gotini. Alikuwa anafunga kamba za sleji, gari lisilo na magurudumu linalovutwa na kulungu, akashika kifua, akakaa chini, basi. Tulikuwa hema mbili tu: yetu sisi na mwanangu Myusena, na ya Edeyko, mdogo wa marehemu. Mbu walishaanza kuwatia wazimu kulungu wetu. Tulikuwa na siku tatu, kisha lazima tuhame kuelekea baharini kwenye upepo, la sivyo tungepoteza kundi zima.

Sisi maiti hatufukii. Chini ni kwa Nga, anayekula watu. Mtu wetu hulazwa juu ya ardhi, ndani ya sanduku la mbao, ndiyo maana mzee mwenye akili hubeba mbao zake mwenyewe kutoka kusini, zikamfuata kila anakohamia. Baba Myusena alikuwa nazo. Mwezi mmoja kabla, sleji yangu ya vyombo ilivunjika, nikamwambia, "Mbao zako zimekaa tu, na mimi nina masufuria ya kubeba." Akacheka, akazikata. Sasa zilikuwa chini ya masufuria yangu, na kurudi haziwezi: mbao za sleji aliyokwisha kuikalia mwanamke hazimlazi mwanamume. Kosa ni langu, sina wa kumsukumia.

"Sleji ya kaka ni ya kwenda nayo. Nitavunja yangu moja," alisema Edeyko.

"Halafu watoto wako utawabeba mgongoni?"

Myusena alikohoa. "Mama, kuna ile miti ya mtoni."

 Ukingo wa mto ule ni udongo ulioganda, huyeyuka kila kiangazi na kutema magogo, meusi, makubwa, na mizizi yake. Mwaka juzi alikuja mama mmoja Mrusi, mtafiti, akayakata vipande kwa msumeno na kuhesabu duara zake kwa ncha ya sindano. Alituambia, akinywa chai yangu, kwamba zaidi ya miaka elfu saba iliyopita huku kulikuwa na joto na msitu ulifika hapa tulipoketi. Kisha baridi ikarudi, msitu ukasogea kusini, ukaacha wafu wake kwenye matope. Nikamwambia hilo si ajabu, hata sisi tunahama. Baba Myusena hakucheka. Aliinuka akaenda kuangalia kulungu, na chai yake ikapoa.

"Hiyo miti imelala kwa Nga," alisema Edeyko. "Ndimo unamotaka kumlaza kaka yangu? Shemeji, una wazimu?"

"Basi nionyeshe mingine."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Nyika tupu mpaka mwisho wa macho. Akachukua shoka bila kuniangalia.

Gogo lilikuwa jeusi kwa nje, lakini msumeno ulipoingia, ndani lilikuwa la njano, na harufu ya utomvu ikatoka kana kwamba limekatwa asubuhi ile. Nakiri nilifurahi; ilikuwa harufu ya kwetu. Tukamlaza. Vitu vyake tukaviharibu inavyopasa: tukatoboa birika lake, tukapasua sleji yake, tukavunja ncha ya kisu, maana kilichovunjika huku ni kizima kule, naye angevihitaji. Tukatundika kengele juu ya sanduku, tukahama.

Siku ya nne, njiani, nilisikia msitu.

Ilikuwa mchana, jua kali, upepo hakuna, nami nachemsha chai. Juu ya kichwa changu misonobari ikavuma. Siwezi kuikosea sauti ile, nimelelewa nayo. Mbwa walijipenyeza chini ya sleji, mkia katikati ya miguu. Edeyko alikuwa amesimama akitazama juu, ambako hapakuwa na kitu.

"Unasikia?" nikamwuliza.

"Sisikii chochote," alijibu, haraka mno.

Birika lilinitoka mkononi. Kilichovunjika huku ni kizima kule: birika, sleji, kisu. Na mti je? Msitu wote ule ulioanguka huku, kule umesimama, na mimi nimemweka mume wangu katikati yake. Nilikaa chini kwenye chai iliyomwagika nikalia kwa sauti, na hakuna aliyeniuliza nalia nini.

Alinijia usingizini. Sikumwona, jinsi miti ilivyosongamana. Nilisikia tu mikono yake ikipapasa magome.

"Binti Msitu! Uko wapi? Niite, nifuate sauti!"

"Baba Myusena!" nikapaza. "Baba Myusena!"

"Niite vizuri! Huku kila mtu ni baba wa mtu!"

Nikafungua mdomo, jina halikutoka. Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina, nami sikuwahi kulitamka lake hata mara moja. Na jina la marehemu likitamkwa na aliye hai, marehemu huja, na akiondoka huondoka na mtoto wa hema ile. Myusena ana binti wa miaka miwili. Niliamka nimeuziba mdomo wangu kwa mikono yote miwili.

Aliendelea kuja majira yote ya baridi. Kila mara sauti yake ilikuwa mbali zaidi.

Kiangazi kilichofuata tulipita tena pale. Niligonga kengele ajue nimefika, nikammiminia chai. "Kaa hapo hapo ulipo," nikamwambia. "Usitangetange. Aliyepotea msituni hukaa mahali pamoja, asubiri." Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha. Kisha nikawapeleka Edeyko na Myusena mtoni. Gogo jingine jeusi lilikuwa limetokeza nusu, maji yakilivuta.

"Kata mbao, Myusena. Za kimo changu. Siku yangu ikifika, nilaze kando yake."

"Lakini Mama, zako nilishakuletea kutoka kusini. Nyeupe, safi kabisa."

"Mpe baba yako mdogo. Yeye ndiye mpenda usafi."

"Mtapotea wawili!" Edeyko akafoka.

"Mimi? Nikiwa na miaka sita nilitoka msituni gizani na kuni mgongoni. Wewe, ukitoka hemani kukojoa kukiwa na ukungu, hutafutwa na mbwa."

Akacheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa koti, akaenda kumshikia Myusena gogo.

Mbao zangu ziko kwenye sleji sasa, zinanuka utomvu, na siku hizi kifua hunibana nikiinama. Siogopi. Jioni, nikibaki peke yangu nyuma ya kundi, hufungua mdomo nikaliweka jina lake ulimini, bila sauti, nisije nikalikosea nitakapofika.